Katikati ya Nini? Hoja kwa Wanamageuzi wa Bungoma na Kitale



Tangu vyama vingi viruhusiwe tena katika nchi yetu mwezi wa Desemba 1991, kila chama kilichojitangaza kuwa mtetezi wa wanyonge kimefikishwa, mapema au baadaye, kwenye njia panda ile ile. Upande mmoja husimama waungwana wenye sauti ya upole wakituambia kwamba siasa ni hesabu, kwamba ushindi ni wa yule asimamaye katikati, na kwamba chama chenye maneno makali kuhusu ardhi, mishahara na mali ya wizi huwatia hofu matajiri, wafadhili na wapiga kura wenyewe. Upande wa pili husimama wale waitwao wakali, watu wa mrengo wa kushoto, wakisema kwamba chama cha wanyonge kikiacha kusema habari za wanyonge hakina tena sababu ya kuwapo. Mzozo huo uliipasua FORD-Kenya baada ya mwaka 1993. Uliitikisa ODM kuanzia Julai 2024. Na kila uchaguzi unapokaribia, hubisha hodi katika matawi yetu, kutoka Myanga hadi Endebess.

Makala haya yana upande, na ni haki ya msomaji aujue mapema. Tunasema kwamba njia ya kati, kama ilivyopigiwa debe nchini Kenya kwa zaidi ya miaka 30, si njia ya kuwafuata wapiga kura mahali walipo. Ni njia ya kuiendea meza ya wakubwa. Anayetuambia "twende katikati" na aulizwe swali moja tu: katikati ya nini na nini?

Watetezi wa njia hiyo hupenda kutuonyesha Uingereza. Husema: tazameni chama cha Labour, kilivyokaa katika upinzani miaka 18, kikampata Tony Blair mwaka 1994, kikakifuta mwaka 1995 kile kifungu cha katiba yake kilichosema juu ya umilikaji wa pamoja wa njia za uzalishaji, na mwaka 1997 kikashinda kwa kishindo. Yapo mengi ya kusemwa juu ya ushindi ule na juu ya kilichobaki cha chama kile baadaye, lakini tuyaache. Tukubali tu kwamba huko kuna mtu wa kati. Ni mtu mwenye kazi ya mshahara na nyumba anayoilipia benki kila mwezi, ambaye mwaka huu humpa huyu kura na mwaka ule akampa yule, kwa kupima kodi na hospitali. Huyo aweza kufuatwa alipo.

Sasa njoo Bumula. Mkulima wa Myanga mwenye eka moja ya miwa hajasimama katikati ya sera mbili akizipima. Yeye na serikali hawatenganishwi na maoni. Wanatenganishwa na malipo ya miwa aliyoikata, ikapakiwa, ikapimwa, na fedha zake zikachelewa hata watoto wakarudishwa nyumbani kwa karo. Je, katikati ya kulipwa na kutolipwa ni wapi? Ni kulipwa nusu? Mfanyakazi wa Webuye aliyepoteza kazi yake kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa Januari 2009, katikati yake iko wapi? Na yule wa Kitale asiye na ardhi, ambaye aliyaona mashamba ya shirika la serikali la ADC yakigawiwa wakubwa, jambo lililoelezwa katika Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004, asimame katikati ya mnyang'anyi na mnyang'anywa?

Hapa kwetu neno "kati" lina historia yake, nayo haikuanzia Ulaya. Mwaka 1965 Mzee Kenyatta alimsimanga Bildad Kaggia mbele ya umma. Kaggia alikuwa amefungwa pamoja naye Kapenguria, na baada ya uhuru alikuwa akidai kwamba ardhi wapewe maskini pasipo kuuziwa. Mzee alimtajia wenzake waliofungwa nao, waliokwisha kujipatia mashamba na biashara, kisha akamwuliza yeye amejifanyia nini. Swali hilo ndilo ilani kamili ya siasa za kati nchini Kenya. Halikuuliza kama Kaggia alikosea katika hoja yake ya ardhi. Liliuliza kwa nini hajala. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa Limuru, cheo cha Makamu wa Rais wa chama kilikatwa vipande vinane ili Jaramogi Oginga Odinga aondolewe. Yeye na Kaggia wakaenda kuunda KPU, na Oktoba 1969 KPU ikapigwa marufuku. Kwa miaka mingi baadaye mwanasiasa yeyote aliyeitwa "mwenye busara" na "mwenye kiasi" alikuwa ni yule aliyelisikia swali lile akalijibu kwa kuonyesha shamba lake.

MIZANI YA 1992 NA YA 1997

Tuje kwenye chama chetu cha mageuzi, maana hapa Bungoma na Trans Nzoia FORD-Kenya haikuwa jina la kukopa. Masinde Muliro alikuwa mmoja wa wale sita waliotangaza FORD mwezi wa Agosti 1991, pamoja na Odinga, Shikuku, Gachoka, Nthenge na Bamahriz. Muliro alifariki tarehe 14 Agosti 1992, alipotua Nairobi akitoka London. (Wakristo wa pande hizi hawasahau kwamba Askofu Alexander Muge naye alikufa tarehe hiyo hiyo, 14 Agosti, mwaka 1990, akirudi kutoka Busia alikokuwa ametishiwa asikanyage.) Baada ya kifo cha Muliro, FORD ilipasuka katikati, Odinga upande mmoja, Matiba na Shikuku upande wa pili.

Katika uchaguzi wa Desemba 1992 Rais Moi alipata asilimia 36 ya kura, Matiba 26, Kibaki 19 na Odinga 17. Hesabu hiyo yajulikana na kila mwanamageuzi, lakini somo lake limepotoshwa. Watu wa kati walituambia kwamba upinzani ulishindwa kwa sababu ya ukali wake. Ukali gani? Zaidi ya wapiga kura sita kati ya kumi waliikataa Kanu, na chama tawala kikarudi Ikulu kwa kuwa wapinzani wake walikuwa watatu. Odinga na Matiba hawakutengana kwa kuwa mmoja alitaka ardhi igawanywe na mwingine hakutaka. Walitengana kwa kuwa kiti ni kimoja. Kosa la watu wawili waliogombea kiti likafanywa kosa la wananchi waliodai mengi mno.

Dawa iliyotolewa ikawa ni ushirikiano. Mwaka 1993 Jaramogi mwenyewe, mzee aliyekuwa amekaa nje ya serikali tangu 1966, alianza kushirikiana na Kanu, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: watu wake walikuwa wamenyimwa maendeleo kwa robo karne, naye umri ulikuwa umemwishia. Lakini mwaka huo huo ilifichuka, naye akakiri hadharani, kwamba alikuwa amepokea shilingi milioni 2 kutoka kwa Kamlesh Pattni, mtu wa Goldenberg, katika wakati ambao chama chake ndicho kilichopaswa kuongoza vita dhidi ya Goldenberg. Paul Muite, Gitobu Imanyara na wenzao waliopinga waliacha nyadhifa zao chamani. Waliitwa wasaliti, vijana wasio na adabu kwa mzee. Hata leo wapo wanaosema kwamba mtu aliyeteseka kama Jaramogi hakustahili kuulizwa habari za milioni 2. Sisi tunasema kwamba kwa kuwa ni Jaramogi, ilikuwa lazima aulizwe. Chama kisichoweza kumwuliza mzee wake swali, kitamwuliza nani?

Jaramogi alifariki Januari 1994, uongozi ukamwangukia marehemu Kijana Wamalwa, Mbunge wa Saboti, msemaji ambaye hata mahasimu wake walimsikiliza kwa raha. Yeye alikuwa mtu wa kati kwa tabia na kwa imani: aliamini Bunge, aliamini mazungumzo, alichukia vurugu. Tunamheshimu. Lakini chini yake chama kiliacha kuwa na jambo la kuwaambia watu zaidi ya jina la kiongozi, na palipokosekana hoja palizuka ugomvi wa viti. Kilichotokea uwanjani Thika mwaka 1996, wakati wa uchaguzi wa chama, tusikipambe kwa kukiita vita vya kushoto na kati. Thika palikuwa na wafuasi wa Wamalwa na wafuasi wa Raila Odinga, basi. Mwisho wa mwaka huo Raila alihamia NDP.

Matokeo tunayo. Mwaka 1992 FORD-Kenya ilipata viti 31 katika Bunge la viti 188. Mwaka 1997 ilipata viti 17 katika Bunge la viti 210, na Wamalwa akapata asilimia 8 ya kura za urais. Mtu wa haki atasema: jumlisha na za Raila. Haya, jumlisha. Raila alipata kama 11, jumla yawa 19. Miaka mitano ya busara, ya ushirikiano, ya kulegeza sauti, na jumla ya kambi yote imesogea kutoka 17 hadi 19. Yule mtu wa kati ambaye kwa ajili yake tulinyamazishwa hakuja. Hakuja kwa sababu hakuwapo.

NANI ALIYELIMA, NANI ALIYEVUNA

Hoja nzito zaidi ya watu wa kati ni ya mwaka huo huo wa 1997, nasi hatutaikwepa. Mwezi wa Aprili wajumbe walikutana Limuru, mji ule ule wa 1966, na kutoka humo ikaibuka kamati ya NCEC, iliyokuwa na watu kama Willy Mutunga na Kivutha Kibwana, ikitangaza kwamba pasipo mageuzi hapatakuwa na uchaguzi. Siku ya Saba Saba, tarehe 7 Julai, polisi waliingia hata ndani ya kanisa kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga waliokuwamo, na Kasisi Timothy Njoya akawa miongoni mwa waliotoka wakivuja damu. Watu waliuawa siku ile katika miji kadhaa. Kisha mwezi wa Septemba wabunge wa Kanu na wa upinzani wakajifungia pamoja katika kundi lililoitwa IPPG, wakatoka na mapatano.

Mapatano yale yalikuwa na manufaa, na anayesema hayakuwa na lolote hakuishi kijijini. Kabla yake, kikundi cha vijana wa kanisa kilichotaka kukutana kujadili katiba kilihitaji leseni, na naibu wa chifu angeweza kukitawanya kwa fimbo. Baada yake ilitosha kuwaarifu polisi. Mamlaka ya machifu yalipunguzwa, sheria ya kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa ikaondolewa, makamishna 10 waliopendekezwa na upinzani wakaingia katika Tume ya Uchaguzi. Watu wa kati wana haki ya kujivunia hayo.

Lakini na waulizwe: Kanu iliwafungulia mlango lini? Walikuwa bungeni tangu Januari 1993. Kwa miaka minne na nusu walizungumza kwa upole, na Kanu haikuwapa hata sheria moja. Iliwapa baada ya miezi miwili ya moshi barabarani. Watu wa kushoto walilima kwa jembe la mkono, wa kati wakaja na gunia. Na walipovuna, waliacha shambani kile kilichokuwa kikuu. Mamlaka ya Rais hayakuguswa. Katiba mpya haikuandikwa. Moi alishinda tena Desemba 1997 kwa asilimia 40, na katiba tuliyoidai wakati ule tuliipata tarehe 27 Agosti 2010, baada ya Ufungamano, baada ya kura ya maoni ya 2005, baada ya damu ya 2008. Miaka 13! Nani awezaye kusema kwa yakini kwamba kungoja miezi michache zaidi mwaka 1997 kungetugharimu kuliko hayo?

Hatusemi haya ili tuwavike watu wa kushoto taji. Wao nao wana deni kwetu. Wakali wengi wa miaka ile walikuwa mawakili wa Nairobi waliojua kila kifungu cha katiba lakini hawakujua bei ya tani ya miwa. Walikuja Bungoma kwa mikutano ya hadhara, wakapigiwa makofi, wakaondoka jioni ile ile, wala hawakuacha nyuma tawi lenye daftari la wanachama, wala mtu wa kulisimamia. Walikuwa na ujasiri wa mahakamani na wa barabarani. Hawakuwa na subira ya kukaa na wazee wa ushirika chini ya mwembe na kuuliza mashine ya kupimia miwa inasomwa na nani. Ndiyo maana James Orengo, aliyezunguka nchi nzima mwaka 2001 na Muungano wa Mageuzi akikusanya umati mkubwa, alipogombea urais mwaka 2002 hakupata hata asilimia moja. Umati si chama. Watu wa kushoto waliuacha uwanja wa matawi mtupu, na watu wa kati wakaujaza kwa majina ya koo.

Na tusidanganyike kwamba ukali ni bidhaa ya kuletwa kutoka mjini. Nchi hii ya Bungoma ilimzaa Elijah Masinde, ambaye Dini ya Msambwa yake ilipigwa marufuku mwaka 1948 na mwenyewe akapelekwa kizuizini pwani kwa kuwaambia wakoloni waondoke. Makanisa hayakukubaliana naye, na kwa sababu zao. Hata hivyo yeyote atakayesema kwamba watu wa hapa ni wapole, wapenda mulembe, wasiotaka kelele za kudai haki, hajui aliko.

VYAMA VILIVYOYEYUKA

Njia ya kati, kama inavyotembewa hapa, ina mwisho unaojulikana. Novemba 1964 KADU, chama alichokuwamo Muliro, kilijivunja na kuingia Kanu kwa jina la umoja. Juni 2001 Raila aliingia katika Baraza la Mawaziri la Moi, na Machi 2002 NDP ikamezwa na Kanu. Mwaka 2025 ANC ya Musalia Mudavadi iliyeyushwa ndani ya UDA. Mara tatu, vizazi vitatu, na kila mara maneno yalikuwa yale yale: tusikae nje, tuingie ndani tuwaletee watu wetu maendeleo.

FORD-Kenya yenyewe, ikiongozwa na Moses Wetang'ula, iliingia Kenya Kwanza mwaka 2022 kwa mkataba uliosema kwamba chama hicho pamoja na ANC vitapata asilimia 30 ya serikali. Msomaji na autazame mkataba huo kwa makini. Kipimo chake kilikuwa asilimia ya vyeo. Kipimo hakikuwa siku ambazo mkulima atangoja malipo, wala hatima ya viwanda. Na cheo kilipatikana: Septemba 2022 kiongozi wa chama alichaguliwa Spika wa Bunge la Taifa. Mwezi wa Mei 2025 serikali ile ile ilikikodisha kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichojengwa kwa fedha za umma, kwa kampuni ya West Kenya kwa muda wa miaka 30. Huenda lipo la kusemwa kwa ajili ya ukodishaji huo; kiwanda kilikuwa kimelemewa na madeni, na wafanyakazi wake walikuwa wakidai mishahara ya muda mrefu. Swali letu ni jingine. Ni tawi gani la FORD-Kenya, Bumula au Kanduyi au Webuye, lililoletewa jambo hilo likajadili kabla halijaamuliwa? Chama kilikuwa mezani. Mkulima alisikia habari redioni.

Kwa upande wa ODM mambo yalikwenda haraka zaidi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia Bungeni wakiupinga Muswada wa Fedha, makumi ya wenzao wakauawa katika majuma yale, Rais Ruto akakataa kuutia sahihi muswada na kulivunja Baraza lake la Mawaziri mwezi wa Julai. Kabla mwezi huo haujaisha, vigogo wa ODM, akiwamo John Mbadi aliyepewa Hazina ya Taifa na jirani yetu Wycliffe Oparanya wa Kakamega aliyepewa ushirika, walikuwa wameteuliwa kuwa mawaziri. Mkataba wenyewe kati ya vyama viwili, wenye mambo kumi, ulitiwa sahihi tarehe 7 Machi 2025. Harusi Julai, posa Machi! Ni kweli kwamba mkataba ule ulichapishwa, na kwa hilo unapita ule wa siri wa 2002. Ni kweli pia kwamba ulitaja haki ya kuandamana na fidia kwa walioumizwa. Lakini tarehe 25 Juni 2025, na tena Saba Saba ya mwaka huo, vijana waliuawa tena barabarani, na mawaziri waliotoka ODM waliendelea kukaa mezani. Ndani ya chama chao Edwin Sifuna, Katibu Mkuu wakati huo, na Orengo, Gavana wa Siaya, walipaza sauti kupinga. Raila alipofariki Oktoba 2025, ugomvi huo haukuzikwa naye.

Waumini wa makanisa wanao mfano ulio karibu zaidi. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha fedha ambazo Rais alizichangia katika ibada kanisani Soweto. Lilirudisha, ingawa kanisa lile lilikuwa na mahitaji, na ingawa fedha zile zingejenga kitu ambacho watu wangekiona kwa macho. Halikusema kwamba limemchukia mtoaji. Lilisema, kwa tendo, kwamba anayepaswa kumkemea mfalme hawezi kula mkononi mwake. Mwaka 1993 chama cha upinzani kilipewa mtihani huo huo wa shilingi milioni 2, nacho kikaanguka.

SWALI LA 2002

Atainuka mtu na kusema: je, NARC? Bila muungano mpana, bila Kibaki, Wamalwa, Ngilu, Raila na hata watu waliotoka Kanu majuma machache kabla, Moi na mrithi wake wangeondokaje? Kibaki alipata asilimia 62. Watoto wa maskini walianza kusoma shule za msingi bure Januari 2003. Watu wa kushoto peke yao hawangeweza kufanya hivyo.

Tunakubali, neno kwa neno. Ndiyo maana hatusemi kwamba chama cha wanyonge kisifanye mapatano. Kaggia na Odinga wenyewe walikuwa ndani ya serikali ya mapatano kabla hawajatoka. Tunachosema ni kwamba mkataba wa 2002 kati ya NAK na LDP uliwekwa mifukoni mwa wakubwa wachache. Tuliahidiwa katiba katika siku 100. Ahadi ilipovunjwa, hakuna mwanachama wa Kimilili wala wa Saboti aliyeweza kusimama na karatasi mkononi na kusema: mliandika hivi, mmefanya vile, rudini. Wakubwa waligombana wao kwa wao juu ya vyeo walivyoahidiana, na baada ya kura ya maoni ya Novemba 2005 wakafukuzana serikalini; ugomvi huo ndio uliotufikisha kwenye Desemba 2007. Muungano haukuvunjika kwa sababu ulikuwa mpana. Ulivunjika kwa sababu wenye chama hawakuwa washirika wa mkataba.

Majirani zetu wa Tanzania walitupa funzo Januari 2025. Chadema walikuwa na mzozo ulio karibu na huu, juu ya maridhiano na serikali ya CCM: Freeman Mbowe aliyeyaongoza, na Tundu Lissu aliyesema yamewapumbaza. Hawakupigana viti kama Thika. Wajumbe walipiga kura, zikahesabiwa hadharani, Lissu akapata 513 na Mbowe 482, na Mbowe akakubali. Njia waliyoichagua iliwagharimu sana: Aprili mwaka huo Lissu alishtakiwa kwa uhaini, na chama kikafungiwa nje ya uchaguzi wa Oktoba. Hatuwafichi wasomaji bei ya njia hiyo. Lakini ni wajumbe walioichagua, wakijua.

Kwa hiyo ombi letu kwa matawi ni dogo, na lafaa kwa FORD-Kenya, kwa ODM na kwa chama chochote kitakachokuja kuomba kura zetu kwa jina la mageuzi. Kiongozi akirudi kutoka Nairobi na habari kwamba chama kimeingia katika muungano, tawi lisimpigie makofi wala lisimzomee. Limwombe karatasi. Isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Lubukusu, mbele ya wanachama walioandikwa daftarini, mzee wa kanisa mmoja na mkulima mmoja asiye na cheo wakiishika kalamu ya kumbukumbu. Ikiwa imetaja idadi ya mawaziri lakini haikutaja miwa, mahindi wala ardhi, irudishwe. Ikiwa imeyataja, iulizwe ni tarehe ipi, ni sheria gani, na ni nani atakayeacha cheo chake tarehe hiyo ikipita. Jina lake liandikwe, siku hiyo hiyo, kabla mtu yeyote hajainua mkono.